Mtoto wa Kabla ya Ngoma

Kwetu, katika milima ya juu ya Lumuma, msichana akivunja ungo alitiwa ndani, akafundishwa na makungwi, kisha akachezwa ngoma. Kabla ya hapo hakuambiwa lolote juu ya mwili wake, na mama aliyemwambia bintiye mapema alikuwa amevunja mwiko. Naanza na hili kwa sababu bila kulijua, msomaji atadhani yaliyompata dada yangu yalitokana na uzembe wa mtu mmoja.

Tuliishi kambini, katika shamba la mkonge karibu na Kilosa, wakati wa Mwingereza. Baba alikata mkonge. Mama na dada walianika nyuzi kwenye waya. Dada alipovunja ungo, mama alimwambia tu, "Nyamaza. Bibi yako atakueleza." Makungwi wa kwetu hawakuwapo kambini, hivyo mama aliamua kungoja kiangazi tupande milimani. Kiangazi kilipofika baba aliumia mguu, safari ikaahirishwa hadi mwaka uliofuata.

Kabla mwaka huo haujafika, dada alianza kutapika. Alidhani ni uvundo wa makapi ya mkonge. Mimi, mdogo wake niliyelala naye mkeka mmoja, nilidhani hivyo hivyo. Wanawake wa uwanja wa kuanikia hawakudhani hivyo.

"Shoga, binti yako anakula nini? Mbona tumbo linamtangulia kazini?"

"Ana minyoo," mama alisema.

"Minyoo ya mwanamume!" mwingine akadakia, wakacheka mpaka nyapara akawafokea.

Mwanamume mwenyewe alikuwa msukuma matoroli. Aliposikia habari alihamia shamba jingine.

Siku moja dada aliuliza, "Mama, kitatokea wapi?" Mama aligeuka ukutani akajibu maneno yale yale: bibi yako atakueleza. Nadhani aliogopa kuongeza mwiko juu ya mwiko.

Aliyemweleza ni jirani yetu, mke wa manamba, yaani kibarua wa mkataba, aliyeletwa naye kwa lori kutoka Songea. Alikuwa na mtoto wake wa kunyonya. "Mambo yenu ya milimani siyajui," alimwambia mama uchungu ulipoanza. "Nishikie taa." Dada alichanika vibaya. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi.

Dada alirudi kwenye waya kabla hajapona. Alimlaza mtoto kwenye kivuli cha marobota, na nyapara akikaribia alimsogeza nyuma yake kwa mguu. Maziwa yalilowesha kanga mbele ya watu. Jioni wasichana wenzake waliporuka kamba, alimkabidhi kwangu akaenda kuruka, kisha akarudi ameshika tumbo kwa maumivu.

Ndipo mjomba alipoleta neno la bibi: msichana aje achezwe, lakini mtoto huyo asivuke kijito cha kuingilia kijijini. Kwetu mimba ya kabla ya ngoma ilisemekana kuleta kifo katika ukoo.

"Siendi," dada alisema.

"Usipochezwa, huna kwenu, na mwanao hana kwao," mama alimwambia. "Ukishachezwa, nitampigia bibi magoti amkubali."

Jirani alinyoosha mikono. "Mwache kwangu, mwanangu. Maziwa yatawatosha wote wawili. Ila mkataba wetu u karibu kwisha, mama. Msikawie."

"Hatutakawia," mama alisema.

Huko milimani bibi alimfunga dada matiti kwa utambi wa nguo ili yakauke. Mimi nilipeleka uji hadi mlangoni. Kila nilipofika alininong'oneza, "Mwambie mama twende." Lakini mwali hatolewi bila pombe, na pombe ya kumtolea ilichacha vibaya. Wazee walisema ni dhambi ya mtoto yule. Mtama ukaloweshwa upya, ukangojwa uote, ukaanikwa, ukasagwa. Mama alikwenda kwa bibi kumwomba atuachie. "Nimtoe nusu?" bibi alimjibu. "Ulichelewa wewe, leo unaniharakisha mimi?"

Dada alitoka amepakwa mafuta, amevaa kanga mpya, vigelegele vikimzunguka. Makungwi walimwambia kuwa sasa ni mtu mzima. Mama alipopiga magoti kumwombea mtoto, bibi alisema, "Mleteni nimwone."

Dada alitembea mbele yetu njia yote ya kurudi. Katika chumba cha jirani tulimkuta mwanamke tusiyemjua akipepeta unga.

"Manamba wale? Wamerudishwa kwao, njia ya Mikumi. Yule mama alikaa juu ya mizigo na watoto wawili. Alikuwa akiuliza kila mtu kama mmeonekana."

Kesho yake alfajiri tulipanda lori la mkonge, tukafika Mikumi mchana. Mwuza chai wa kando ya barabara alijibu salamu zetu, kisha dada akamwuliza kama aliona lori lenye mwanamke na watoto wawili wa kunyonya.

"Pacha?"

"Si pacha."

"Binti yangu, malori ya manamba yanapita hapa kila mara, na kila lori lina watoto. Unamtafuta nani hasa?"

Mtoto hakuwa amepewa jina, kwa kuwa kwetu jina hutolewa na bibi. Dada alionyesha kwa mikono urefu wa mtoto, kisha akagusa nywele zake mwenyewe.

Mwuza chai alimtazama mama. Mama alimshika dada mkono, akamwambia turudi kabla giza halijaingia.