Ndiyo ya Baba

Gari letu lilinuka dawa ya kuchua misuli kiangazi chote nilipokuwa na miaka tisa. Baba alikuwa akiwahudumia wazee katika makao yao, lakini ukimuuliza kazi yake, angekwambia: kocha wa raga, ile ya watu kumi na watatu, na msaka vipaji. Jumapili tulizunguka makanisa ya mji wa Brooklyn Center, huku ughaibuni tulikohamia, yeye akiwakagua watoto wa watu miguu na mabega, mpaka Mama akasema iko siku atafukuzwa ibadani. Ndivyo alivyokuwa amempata Neema, binti aliyebeba sufuria mbili za pilau kwa mpigo bila kuhema. Kufikia kiangazi hicho alikuwa amemnoa miaka miwili. Haki ya Mungu, msichana yule akikukamata kiuno, ulikwenda chini! Klabu moja ya ng'ambo ikamtuma mgeni aje amwone. Akimchukua Neema, Baba naye angeajiriwa kuwatafutia wachezaji, aachane na zamu za makao ya wazee.

Neema alicheza vizuri ajabu. Mgeni akamgeukia Baba, akauliza kwa Kiingereza: hajawahi kuumia kichwa? Baba akajibu, “Yes.” Kwetu ukiulizwa “hujala?” na kweli hujala, unajibu ndiyo. Kwa Kiingereza cha mgeni, Baba alikuwa amesema Neema ameshaumia. Mgeni akarudia: hajawahi kabisa? “Yes, yes!” Baba akakaza, akitabasamu. Daftari likafungwa. Mimi nilielewa papo hapo, maana Kiingereza kile nilizaliwa nacho. Lakini nilifunzwa kwa makofi kwamba mtoto hadakii maneno ya wakubwa, sembuse kumsahihisha babake mbele ya mgeni. Nilimvuta shati, akanikata jicho. Njia nzima ya kurudi nyumbani Burnsville aliimba, nami nikakosa moyo wa kumkatiza. Baada ya wiki mbili lilikuja jibu fupi: hapana, asante. Maji yakimwagika hayazoleki.

Leo binti yangu humkatiza yeyote, hata mchungaji, na Mama hunilaumu kwamba simfunzi adabu. Nimfunze kwa mdomo upi? Neema ni nesi, ana familia yake, hana kinyongo. Baba ndiye aliyeacha raga mwaka uleule, na hadi sasa yuko kwenye zamu zilezile. Tukitazama mechi, nikimuuliza nani anafaa, hutikisa kichwa. “Usiniulize mimi, mama. Jicho langu lilinidanganya kwa Neema.” Nami, mtu mzima mwenye watoto wangu, namjazia chai.