Beki Aliyeondoka Lakini Yumo

Shemeji yangu Stan Pawlak, mchomeleaji vyuma hapa Buffalo, alishangilia beki wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani alipokubali mkataba wake upangwe upya. "Kaisamehe timu mshahara!"

"Kasamehe nini, shemeji? Kalipwa papo hapo. Hesabu ya ligi tu ndiyo imeyasogeza malipo hayo miaka ya mbele."

Hakuelewa. Mwaka huu beki kaachwa na timu. Jumapili, tukichoma soseji kwenye maegesho ya uwanja, nikamwambia beki huyo, kwa malipo yale yaliyosogezwa, bado anakula nafasi kwenye kikomo cha mishahara ambacho ligi huiwekea kila timu, ndiyo maana hatusajili mtu.

"Kaondoka, lakini yumo?"

"Yumo."

"Hadi lini?"

"Mwakani."

Stan alinitazama kama nimerukwa na akili. Akaiokota jezi ya beki, aliyokuwa ameigeuza tambara la kufutia jiko tangu aachwe, akaivaa na masizi yake.

"Kama wao wameshindwa kumtoa, mimi ni nani nimtoe?"