Mroma Aliyekaa Sebuleni Kwetu

Kwa miaka kadhaa, dada yangu mdogo na mimi tuliishi na Mroma katika nyumba yetu ya Forest, mtaa wa Brussels. Alikuwa ukutani, juu ya kochi, kwenye karatasi kubwa tuliyoibandika kwa selotepu. Hakuwa na picha, kwa sababu hakuna anayeijua sura yake. Alikuwa jina tu, na mistari iliyomuunganisha na watu wa ukoo wake, na alama za kuuliza zilizozidi majina. Wageni wakiuliza, nilikuwa nawaambia kwamba huyu ni mpangaji wetu, amekufa zamani sana, lakini kuhama hataki.

Dada yangu alikuwa akiandika tasnifu yake ya udaktari juu ya mtu huyo. Mroma huyo alikuwa msomi wa Roma ya kale, aliyeandika vitabu kuhusu maji: chemchemi, visima, mito inayozama ardhini na kutokeza kwingine. Vitabu vyote vimepotea. Kilichobaki ni sentensi chache zilizonukuliwa na waandishi waliokuja baada yake, huyu akisema fulani ameeleza hivi, yule akisema fulani amekosea. Na huyo fulani ni nani hasa? Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Jina lake lilikuwa la ukoo mkubwa, na wanaume wa ukoo ule walirithishana majina hata huwezi kuwatenganisha. Wataalamu wa zamani walimchagua seneta mmoja wa ukoo huo, kwa kuwa ndiye aliyeacha alama nyingi, wakasema ni yeye, wakafunga mjadala.

Dada yangu hakuridhika. Katika mojawapo ya zile sentensi, msomi huyo wa maji anataja daraja lililojengwa baada ya seneta kuzikwa.

"Yaya," aliniambia siku alipoligundua hilo. Kwetu Katanga, kusini mwa Kongo, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. "Muntu akisha kufa, anaweza kuandika habari ya pont, ya daraja?"

"Inategemea," nikamjibu. "Ni sénateur. Bale bantu hata kufa banatuma wengine."

Alicheka, lakini nilimwona amewaka. Tangu siku ile alikuwa akitafuta mtu mwingine katika ukoo uleule, aliyeishi baada ya seneta na aliyeyajua maji.

Niseme kidogo habari zetu. Mama alikufa kwanza, baba akamfuata kabla hatujamaliza kumlilia mama. Mimi nilikuwa mkubwa, nikaacha shule ya sekondari nikaenda kupakia saruji pale Lubumbashi. Mdogo wangu wa kiume alisoma hadi akatosheka. Huyu wa mwisho, msichana, hakutosheka. Masista walimtia katika darasa la Kilatini, akawa anarudi nyumbani anasema maneno yake peke yake akiosha sufuria. Baadaye nilitangulia Brussels, yeye akaja kwa masomo. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha magari hapa Forest hadi kilipofungwa, na sasa niko katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Sikuwahi kujiuliza kama nilifanya vizuri kuacha shule. Nilichojiuliza ni kama yeye atafika mwisho, kwa sababu katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuufikia.

Ile karatasi ya ukutani niliiandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza. Yeye alikuwa anasoma picha za mawe yenye maandishi ya Kilatini kwenye kompyuta, ananitajia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani nani ni baba wa nani na nani ni mwana wa nani, nami nachora mistari. Jiwe moja lilimfurahisha kuliko yote. Yule seneta alilisimamisha kando ya chemchemi, na maneno yake yalisema kwamba anamkabidhi mwana maji yale ayatunze, kwa kuwa anayajua maji kuliko wote. Nikachora mstari kutoka kwa seneta kwenda chini kwa mwana, na dada akasema nimwekee duara. Ndiye aliyekuwa anamtafuta. Alikuwa na jina la ukoo, ujuzi wa maji, na umri wa kuweza kuliona lile daraja.

Shida ilikuja miaka miwili baadaye. Alipata maandishi mengine, ambamo rafiki wa seneta anampa pole kwa kufiwa na mwanawe wa pekee, aliyekufa kabla hajaota ndevu. Mtoto aliyekufa hawezi kukabidhiwa chemchemi, wala kuandika vitabu. Dada alijaribu kila njia. Alisema labda rafiki yule alitia chumvi. Alisema labda jiwe ni la seneta mwingine. Kila alipoziba tundu hapa, lingine lilifunguka pale, na sura ya tasnifu iliyomhusu mwana huyo hakuthubutu kumwonyesha profesa wake. Profesa alikuwa mama mkali, tena mwenye haki. Alimpa hadi mwisho wa mwezi. Bila sura hiyo hakuna tasnifu, na mkataba wa dada pale chuoni ulikuwa unakwisha.

Jumamosi moja nilimkuta ameketi kwenye kochi, ameupa ukuta mgongo.

"Yaya, nimechoka na huyu muntu," alisema. "Naacha. Lundi iko na entretien kwa bureau moja ya assurance. Banatafuta muntu wa kujibu bateja." Alimaanisha usaili wa kazi Jumatatu, katika ofisi ya bima.

"Unaacha kabisa?"

"Kabisa. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Sikumgombeza. Niliwahi kumsukuma mara nyingi, lakini safari ile sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka kusukumwa. Nilimuuliza kitu kimoja tu, kama amemwambia yule padri mzee aliyeibariki kazi yake. Akasema bado. Nikamwambia basi kesho tutakwenda pamoja.

Padri huyo alifundisha Kilatini Katanga kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na sasa anaishi katika nyumba ya wamisionari wastaafu, Ganshoren, hapa hapa Brussels. Dada alimfahamu kanisani. Ndiye aliyeombea kazi yake ilipoanza, na kwetu jambo ambalo mzee amelibariki huliachi kwa ujumbe wa simu. Unakwenda, unakaa, mnakula, ndipo unasema. Kwa hiyo asubuhi nilisonga bukari, ugali wetu, nikapika sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaushwa, nikafunga vyombo kwa taulo visipoe, tukapanda tramu kisha basi. Dada alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda msibani.

Mzee alitufungulia mwenyewe. Mimi alikuwa ananiona kwa mara ya kwanza.

"Muingie, muingie. Nimesikia harufu ya sombe tangu muko kwa ascenseur, kwa lifti."

"Ni bongo hiyo, uongo mutupu, mon père," nikasema. "Vyombo nimefunga sana."

"Basi ni njaa yangu ndiyo ilisikia."

Tulinawa, tukala kwa mkono, yeye pia, na alikata matonge vizuri kuliko vijana wengi wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels. Dada alikuwa anamega kidogo kidogo. Nilijua anatafuta mahali pa kuanzia. Mzee aliliona hilo, akayageuzia mazungumzo upande wangu.

"Na wewe, yaya, uko na batoto ngapi?"

"Batatu, mon père."

Dada aliinua kichwa. "Mon père, usimusikilize. Huyu hajaoa. Hana hata moja wa kuzaa."

"Alors hiyo ni bongo ya pili leo," mzee akasema.

"Si bongo," nikasema. "Beko Lubumbashi. Mukubwa anamaliza shule mwaka huu. Bote batatu bananiita papa."

"Batoto ya nani?"

"Ya ndugu yangu, ule ananifuata."

"Donc ni ba neveux."

"Neveux ni ya kwenu, mon père. Kwetu ni batoto yangu."

Mzee akacheka hadi akashika meza. "Ni kweli, nimeanza kusahau. Kwenu mutoto wa ndugu ni mutoto, basi, imekwisha. Kwetu neveu anakuja Noël, Krismasi, anakula, anarudi kwao."

Mimi nikacheka naye. Dada hakucheka. Alikuwa ameshika tonge hewani, anamtazama mzee kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mtaani. Akaliweka tonge kwenye sahani, akaenda kunawa, akarudi na simu mkononi, akaanza kupekua picha zake za zamani.

"Mon père, unisomee hii," alisema, akampa simu. "Polepole. Na usinisaidie."

Ilikuwa picha ya lile jiwe la chemchemi. Mzee alivaa miwani, akasogea dirishani, akasoma kwa Kilatini huku kidole kikipita juu ya kioo. Kisha akaanza kutafsiri. Jina la seneta. Chemchemi hii. Ameikabidhi.

"Kwa mwana wa ndugu yake," akasema.

"Wa ndugu yake?"

"Ndugu. Iko hapa, neno zima, jiwe halijavunjika hata kidogo."

Dada alikaa chini. Mimi sikuelewa, nikaogopa. Nilimuuliza kama ni mbaya sana. Alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Nilisoma," alisema mwishowe. "Siku ile nililiona hili neno. Nilisoma mwana wa ndugu, nikakuambia mwana. Nawe ukaandika mwana. Kwa kichwa yangu ilikuwa kitu kimoja."

"Si kitu kimoja?" nikauliza, na hapo wote wawili wakacheka, nami nikabaki nawatazama.

Alinieleza pale pale, akitumia vyombo vya chakula. Bakuli la sombe likawa seneta. Kikombe kikawa mwanawe wa pekee, aliyekufa mdogo, akakigeuza kifudifudi. Sahani ya samaki ikawa ndugu wa seneta, na chupa ya maji ikawa mtoto wa ndugu huyo, mwenye jina la ukoo uleule, aliyekabidhiwa chemchemi na baba yake mkubwa na kuishi muda mrefu baada yake. Rafiki hakutia chumvi. Jiwe halikuwa la mtu mwingine. Kikombe na chupa walikuwa watu wawili, na sisi tulikuwa tumewafanya mmoja. Tangu siku ile ya kwanza hakulirudia lile jiwe hata mara moja. Aliutazama ukuta, na ukuta ulikuwa umeandikwa na watu wa nyumba yetu.

"Kilatini ilisema wazi," mzee akamwambia, akimrudishia simu. "Ni wewe uliisoma kama muntu wa Katanga."

"Profesa wangu angeiona mara moja."

"Kama ungemuonyesha. Uliogopa, donc hakuona. Sasa kula, muana. Samaki inapoa."

Alikula. Alikula kama zamani alipokuwa anatoka shule, akifuata hadi mabaki ya sombe kwenye bakuli lililokuwa seneta. Tulichokuja kusema hatukukisema. Mzee hakuuliza tulikuja kwa nini, ingawa nadhani alijua, maana alipotusindikiza mlangoni alimshika dada mkono kwa muda mrefu na kumwambia alete ile sura akimaliza, hata kama macho yake siku hizi yanamsumbua.

Kwenye basi dada alipiga hesabu kwa sauti, nani alizaliwa kabla ya nani, nani angeweza kuliona daraja. Abiria mmoja aligeuka kututazama. Nilitaka kumwambia kwamba ni mambo ya familia.

Jumatatu asubuhi alipiga simu kwenye ile ofisi ya bima, akawashukuru kwa heshima, akasema hataweza kuja. Kisha akaandika. Mimi nilipika, nikafua, nikawaambia marafiki zake wasipige kengele. Alimpelekea profesa sura nzima kabla ya mwezi kwisha, na baada ya hapo zikaja siku ambazo hatukuwa na la kufanya. Nilikuwa nikitoka kazini namtazama usoni kwanza kabla ya kumsalimu. Hofu yangu haikuwa kwamba ataambiwa amekosea. Nilihofia kwamba ataambiwa haitoshi, na kwamba safari hii hataniambia anaacha, ataacha tu.

Alinipigia nikiwa kazini, kwenye mashine ya kukausha, na kelele zilikuwa nyingi. Nilitoka hadi mlango wa kupakilia.

"Amejibu," alisema.

"Asema nini?"

"Asema inasimama. Asema nimalize, tupange soutenance, ile siku ya kuitetea. Iko na kitu moja tu anataka nibadilishe. Pale nimeandika ni yeye, niandike labda ni yeye."

"Labda?" nikasema. "Miaka hii yote, halafu labda?"

"Yaya, sikiliza. Vitabu vyake vyote vimepotea. Hakuna muntu anaweza kusema ni yeye kabisa, hata profesa. Kwa kazi yetu labda ya hivi ni nyumba ya matofali. Utalala ndani, mvua haiingii."

"Kwa hiyo ni vizuri."

"Ni vizuri sana. Na hakuna tena kitu cha kutafuta. Iko tu kuandika."

Nilimuuliza amekula nini. Akasema hajala, anakwenda kulala kwanza. Ilikuwa saa nane ya mchana. Nikamwambia alale, nisimkute macho.

Nilirudi ndani. Furushi la mashuka lilikuwa limetoka kwenye mashine, nikaketi juu yake ingawa hairuhusiwi. Lilikuwa bado na joto. Msimamizi alipita, akaniona, akaendelea na njia yake, nami nikabaki pale hadi mashine iliyofuata ikamaliza kuzunguka.