Kopi ya Kiondo, Sokoni Kikima

Mteja aliinua viondo viwili, kimoja cha kila mmoja wa akina mama wawili waliouza jirani. Rangi zilikuwa zile zile na mistari ile ile. "Sasa hapa orijino ni gani, na kopi ni gani?"

Nilijikunyata. Mjini kopi ni tusi: saa ya kopi, viatu vya kopi. Nikangoja akina mama hao wagombane.

Yule mama kijana hakuacha hata kusokota uzi pajani. "Yangu ndiyo kopi. Nilitoa kwa mwaitu, huyu mama hapa," akasema, akimwonyesha jirani yake mzee kwa kidevu.

Mama mzee akaichukua ile kopi, akatumbukiza ngumi ndani, akapapasa ukingo wote polepole kwa kidole gumba. Akamrudishia mteja.

"Beba hii yake. Yangu nilikuwa bado natafuta vile itakaa; yeye ameipata."

Mteja akalipa kwa yule kijana, na mama mzee akarudi kwenye kazi yake, uso ukimng'aa kama aliyeuza yeye.

Mimi ni mwandishi, na mtu akinikopi sentensi moja nilikuwa natafuta wakili wa kumshtaki. Siku hizi naisoma yake kwanza, nikiomba isiwe nzuri kuliko yangu.