Nilimjengea Mume Wangu Njia ya Mbuzi

Nitasema mwenyewe kabla majirani hawajawafikia: mimi Halima, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, nilimwangusha mume wangu mbele ya wakwe, Ijumaa, mchana kweupe, na kikoi chake kikafunguka. Haya, mmesikia. Chekeni, mimi nimeshalia.

Mzee wangu miguu ilikufa mwaka jana. Akapata kiti cha magurudumu, lakini nyumba yetu hapa Garissa ina kizingiti kirefu (mvua ikija kwetu maji hayabishi hodi), kwa hiyo kila Ijumaa vijana wa msikitini walikuwa wanakuja kumbeba, mmoja kwapani, mmoja magotini, na yeye amefumba macho kwa aibu. Mtu aliyetembea na ngamia mpaka Bute kwa miguu yake! Siku moja akaniambia, "Halima, mimi nataka kitu kimoja tu. Nitoke mlango wangu bila kushikwa na mtu."

Nikamwita fundi, Musyoka, Mkamba mpole. Akapanua mlango vizuri, akavunja kizingiti, akapima, akasema, "Mama, sakafu yako iko juu inchi kumi na nne. Kila inchi moja inataka futi moja ya mteremko. Kwa hiyo ni futi kumi na nne."

Futi kumi na nne! Zingemeza mahali pangu pa kivuli hapo mlangoni, ninapokaa na wenzangu kila asubuhi na chai ya maziwa ya ngamia. Nikamwambia, "Musyoka, mimi nimeuza mbuzi miaka thelathini. Ule mteremko wa sokoni wa kupandishia mbuzi kwenye lori ni mfupi, na lori ni refu kuliko nyumba yangu. Jenga futi tano."

"Mama, huyu si mbuzi."

"Unanifundisha mteremko mimi? Na uweke matuta ya saruji katikati, kwato zisiteleze." (Kwato! Mtu ana magurudumu, mimi nawaza kwato.) Musyoka akatazama chini, akajenga. Na mzee, mwenye safari, sikumuuliza hata neno moja.

Saruji ilipokauka, kiburi kikanipanda kichwani. Baba yake Sahra, mke wa mwanangu, alikuwa amekuja kutoka Tarbaj na ndugu zake wawili kumwona mgonjwa, nikawakalisha wote kwenye mkeka hapo nje, mbele kabisa, na sinia la wali na birika la chai, ili waone mzee anavyotoka mwenyewe kwenda kuswali. Na kwetu mkwe si mtu wa mchezo, mbele yake hata kukohoa unakohoa kwa adabu.

Mzee akatokea mlangoni, kikoi kipya, ndevu zina hina. Akatazama chini. Sahra akanong'ona nyuma yake, "Mama, nimshike?"

"Mwache! Njia hii nimeipima mimi."

Wallahi, sikumaliza kusema. Kiti kikagonga tuta la kwanza, mzee akaruka kama gunia juu ya punda, kikagonga la pili, gurudumu la mbele likapinda, kiti kikaenda kivyake na mzee akaenda kivyake, mpaka katikati ya sinia, wali mpaka kwenye ndevu, na kikoi, Mungu wangu, kikoi kikabaki kwenye kiti. Wakwe wote watatu waligeuza nyuso ukutani kwa pamoja. Mimi nikavua shuka langu la mabegani nikamfunika.

Hakuvunjika mfupa. Alinitazama tu, akasema polepole, na wote walisikia, "Halima, umenipakia kama mbuzi."

Ijumaa tatu hakutoka. Vijana wakija kumbeba anasema ana homa. Alikaa ameupa mlango mgongo, na mimi nilikuwa ninapika huku ninatazama ule mgongo.

Nikaenda mwenyewe kwa Musyoka kuomba msamaha (mimi, kuomba msamaha, waulizeni watu wa soko kama wamewahi kuona). Akavunja futi zangu tano, akajenga kumi na nne, laini kama kiganja, na ukingo wa kushika upande mmoja. Safari hii mzee ndiye aliyeulizwa kila kitu.

Kivuli changu kimekwenda, mimi na wenzangu sasa tunakunywa chai juani, na nimestahili. Mzee anatoka peke yake. Lakini kila Ijumaa akifika mlangoni anasimamisha kiti kwanza, anashika magurudumu kwa mikono miwili, anatazama chini kwa muda. Mbuzi aliyeanguka mara moja kwenye lori hutazama hivyo hivyo. Naujua ule mtazamo, nimeuona miaka thelathini, na sikutaka kuuona nyumbani kwangu. Sitapima tena njia ya mtu kwa macho yangu, hata kama anayepita ni mume wangu.