Nati ya Mwisho ya Bampa

Fundi wa magari pale Karatu hakuwa na haraka. Kila nati aliikaza mara mbili, akaifuta kwa kitambaa, kisha akaikaza tena, huku akiimba puani. Hyasinta, aliyemletea chai, alitazama vidole vyake vyeusi vikifunga bampa jipya la nyuma kwenye Landrova ya abiria ya mume aliyemfukuza kama mbuzi mla mazao.

"Hiyo ya mwisho iache imelegea, fundi. Limng'okee huko mlimani Ngorongoro."

Fundi aliacha kuimba. "Yeye hukaa mbele, mama Patrisi. Hapa kwenye bampa husimama akina mama wa Endulen, watoto mgongoni."

Akaifuta nati ile. Hyasinta akaweka chai chini, akainama, akamshikia boliti isizunguke.