Makala Yangu ya Hesabu Haikumtaja Baba Mkwe, Lakini Kila Mtu Atamjua

Admin, jina langu na la shule usiweke, nakusihi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka thelathini na tatu, nimeolewa huku Gesima.

Baba mkwe wangu pia ni mwalimu wa hesabu, shule hiyo hiyo, anakaribia kustaafu. Kwetu Wakisii heshima kati ya mke wa mtoto na baba mkwe si mchezo, hata mkono simpi. Na ndiye aliyembana mume wangu mpaka akaniruhusu nikaenda chuo.

Mwaka huu tulikuwa na mafunzo kazini. Mmoja anafundisha, wengine tunakaa nyuma ya darasa kutazama, kisha tunajadili. Zamu ya mzee, msichana mmoja akauliza kwa nini ukigawanya nusu kwa robo unapindua robo na kuzidisha. Mzee akamwambia, "Pindua, zidisha, kaa chini. Hesabu haiulizwi kwa nini." Mtoto akakaa, na mkono hakuinua tena.

Kwenye majadiliano nilinyamaza. Ningemkosoaje? Lakini mkufunzi alipotuhimiza tuandike makala ya tuliyojifunza, nikamwaga yote. Jina sikutaja. Ila yale maneno yake niliyaacha vile vile, mjinga mimi! Amefundisha nusu ya Gesima, hata wakichuma majani chai watu wanataniana nayo.

Makala imetoka kwenye jarida la walimu. Nilidhani nani huku atalisoma, kumbe mwalimu mkuu ametoa nakala kwa walimu wote. Mzee hajaisoma, lakini amefurahi ajabu kwamba imechapishwa. Amealika kanisa na walimu nyumbani Sabato hii tutoe shukrani. Jana alisimama nje, maana haingii nyumba ya mwanawe, akaniita kwa neno letu la mke wa mwana.

"Mokamwana, macho yangu yameisha. Hiyo karatasi utatusomea wewe. Yote, usiruke kitu. Nataka wasikie vile mtoto wangu anafikiria."

"Sawa, tata," nikajibu, maana kwetu baba ni tata.

Mume wangu sijamwambia. Nikiruka, walimu wana nakala mkononi. Nikijifanya mgonjwa, atasoma mwingine. Nikisoma, nimemvua mzee nguo mbele ya watu, na kwenye boma hili sitakaa tena. Naogopa, jamani. Na bado naamini nilichoandika.

Mlioolewa mkaishi na wakwe, niambieni: nikiifikia ile sentensi, yeye amekaa mbele yangu anatabasamu, nifungue mdomo niseme nini?